Kada ya Wabebaji

Kilichomshtua Tulinagwe Mwakyoma asubuhi ile katika Ofisi ya Mafao ya Mfereke haikuwa foleni, maana foleni ilikuwa fupi, wala uchafu, maana sakafu iling'aa. Ilikuwa ni sambusa. Karani wa dirisha la tatu, kijana mnene mwenye uso mkunjufu aitwaye Onesmo, alikuwa anatafuna sambusa huku mbele yake ameketi mwanamke mwenye donda la titi.

Mwanamke huyo aliitwa Melania. Alikuwa amejifunga kanga mbili kifuani, na juu yake amevaa sweta la kiume, kwa sababu Mfereke iko juu milimani, ambako mji mkuu ulihamishiwa baada ya pwani kuliwa na maji, na mwezi wa Julai baridi yake hupasua midomo. Harufu ya donda ilikuwa imewasogeza watu wa benchi la nyuma hadi ukutani. Mkononi alivaa bangili ya kijivu anayovishwa kila mwananchi akifungua faili la madai serikalini. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka, ishara kwamba mawasiliano yapo. Maana yake kila mchomo uliompata Melania ulipaswa kumpata Onesmo papo hapo, mahali palepale mwilini.

Onesmo alilamba kidole kilichoshika mafuta. "Mama, vumilia kidogo. Kuna kielelezo kimoja hakijafika kutoka wilayani. Wiki ijayo pitia tena."

"Wiki iliyopita uliniambia wiki hii, mwanangu."

"Najua, mama. Pole sana."

Tulinagwe, aliyekuwa amesimama kando kama mtu anayesubiri zamu yake, aligeuka kumtazama karani. Ilikuwa miaka mingi tangu asikie maneno hayo kwenye dirisha la serikali.

Sheria ya Mguso, aliyokuwa akiisimamia kama mkurugenzi, ilikuwa kazi ya mikono yake. Kabla ya sheria hiyo serikali ilishajaribu kila kitu. Mikataba ya huduma kwa mteja ilitundikwa ukutani ikafifia kwa jua. Masanduku ya maoni yaligeuka nyumba za buibui. Kila waziri mpya alikuja na programu yake, fulana zake na semina zake za hotelini, na kila programu ilidumu kadiri wafadhili walivyodumu. Wakishaondoka, magari ya mradi yalibaki juu ya mawe na makarani walirudia wimbo wao: njoo kesho, mtandao uko chini, faili halionekani. Ndipo Tulinagwe, wakati huo daktari kijana wa mishipa ya fahamu aliyehamia utumishi, akauliza swali lililowachekesha wenzake: itakuwaje karani akiumwa na kile kinachomuuma mtu anayemsubirisha?

Kifaa chenyewe ni kidogo. Afisa anapandikizwa nyuma ya sikio kidude chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Bangili inasoma maumivu, njaa, baridi na uchovu kwenye mkono wa mwananchi, na kidude kinayarudia yote katika mwili wa afisa, bila kuacha jeraha, mpaka faili lifungwe. Afisa akienda nyumbani, yanamfuata. Akikaa mezani na wanawe, yapo. Mwaka wa kwanza mafaili yaliyolala miaka na miaka yaliyeyuka kama sukari kwenye chai. Wajane walilipwa wakiwa bado wana machozi. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kujifunza, wakapiga picha, wakaondoka.

Lakini Bunge liliipa sheria ile miaka kumi na miwili tu, kisha ipigiwe kura upya. Kura hiyo ilikuwa Alhamisi ya wiki ile.

Tulinagwe alisogea dirishani. Onesmo alipomtambua alisimama haraka na kuificha sambusa chini ya meza.

"Shikamoo, Mama Mkurugenzi."

"Marahaba. Kifua kinakuumaje?"

"Kinauma, mama." Alijishika kifua na kukunja uso. "Lakini ndiyo kazi."

Alikuwa amejishika upande wa kulia. Donda la Melania lilikuwa kushoto.

Tulinagwe alitoa mkobani kipima mawimbi, kile walichokuwa wakitumia mafundi wake zamani kufuatilia mawimbi ya bangili hadi kwa afisa anayeyapokea, akakielekeza kwenye mkono wa Melania. Mshale wa kifaa haukumwonyesha Onesmo; ulimpita, ukaelekeza nje ya ukuta. Akaufuata.

*

Mshale ulimpeleka kwenye ghala la zamani la viazi mbegu, nyuma ya karakana ya reli. Mlangoni hapakuwa na kibao. Mlinzi alimzuia, kisha alipoona kitambulisho chake akampisha, kama mtu aliyekuwa akingoja siku hiyo ifike.

Ndani palikuwa na joto la miili. Magodoro yalipangwa safu kwa safu hadi mwisho wa ghala, na juu ya kila godoro alilala mtu, mwanamume au mwanamke, wengine vijana, wengine wenye mvi, kila mmoja ana kitambaa mdomoni. Palinuka dawa ya kuchua na jasho. Lakini kilichomtisha Tulinagwe ni ukimya wa mle ndani. Watu wote wale walikuwa wanaumwa na hakuna aliyepiga kelele. Mara kwa mara mguu uliruka wenyewe, au mgongo ukajikunja kama utambi, kisha mtu akajinyoosha tena na kutazama dari.

Mshale ulisimama kwa mwanamke wa makamo aliyekuwa ameketi amejiegemeza ukutani, mkono umebana titi la kushoto. Paji la uso lilimchuruzika jasho. Alipomwona Tulinagwe, alikitoa kitambaa mdomoni mwake kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Wewe ni wa ukaguzi?"

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Yustina Mbilinyi."

"Unafanya nini hapa, Yustina?"

Yustina alimtazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Nabeba. Sisi ni wabebaji. Makarani wanatusukumia yale ya kwao, sisi tunayabeba. Zamani nilikuwa nalima pareto, bei ikafa. Mzabuni aliyepewa kazi ya ghala hili alipita kijijini akitafuta watu wenye kifua kigumu."

"Unabeba wangapi?"

"Leo ni saba. Kuna mzee wa magoti. Kuna mtoto ana njaa, huyo simpendi, njaa ya mtoto haina mahali pa kuishika. Kuna binti wa jino. Na huyu wa titi." Alivuta pumzi kwa meno. "Huyu ni mtu mzima, namjua kwa namna anavyojikaza. Alikuwapo mwingine wa mguu, alikufa juzi. Nilijua kabla ya ofisi. Ghafla mguu ukawa mwepesi."

Kando ya godoro palikuwa na swichi yenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu. Tulinagwe aliuliza ni ya nini.

"Hii ndiyo inamwambia karani hali ya mtu wake," alisema Yustina. "Ikiwa nyekundu, taa inawaka mezani kwake, anamhudumia mapema. Ndivyo tulivyofundishwa."

Swichi yake ilikuwa kwenye kijani.

"Na huyu mama wa titi? Huoni kwamba huyu ni nyekundu?"

Yustina aliinamisha macho. "Mama, ukiwasha nyekundu mara kwa mara wanasema huna kifua cha kazi. Wanakurudisha nyumbani, wanaleta mwingine. Wote hapa tunakaa kijani. Nyekundu tunaiweka kwa mtu anayekata roho, na hata huyo, inategemea."

Tulinagwe aligeuka, akatazama magodoro yote. Kila swichi aliyoweza kuiona ilikuwa kijani. Sasa akaelewa kwa nini takwimu za mwaka ule zilikuwa nzuri kuliko za miaka yote. Kwa mujibu wa mitambo, nchi nzima haikuwa ikiumwa.

Alimpigia simu Onesmo. "Lile faili la Melania. Kielelezo kinachokosekana ni kipi hasa?"

Upande wa pili zilisikika karatasi zikipekuliwa. "Nadhani kipo, mama. Nilikuwa sijaangalia vizuri."

"Lifunge sasa hivi. Nimesimama hapa nangoja."

Haikupita hata dakika. Bega la Yustina likashuka, vidole vikaachia titi, na uso wake ukalegea akaonekana mtu mwingine, kijana zaidi, karibu mzuri. "Amelipwa," alinong'ona. "Asante, mama. Asante sana."

Kisha akashtuka, akashika nyonga kwa mikono miwili na kujirusha juu ya godoro. Mtambo ulikuwa umeona nafasi wazi ukamletea mwingine. Alitafuta kitambaa kwa kupapasa, na Tulinagwe ndiye aliyempa.

"Mama," Yustina alisema kabla hajakiuma, "usije ukatufungia hapa. Watoto wangu wanasoma."

*

Katibu Mkuu Desideri Mlowe alimkaribisha kwa chai ya tangawizi na hakukana lolote. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole wa sauti, aliyewahudumia mawaziri wengi na kuwaaga wote kwa hotuba nzuri.

"Kaa, Mkurugenzi. Nilikuwa najiuliza utafika lini."

"Ulijua."

"Nilitia saini mimi. Unamkumbuka Gaudensia wa dirisha la posho za watoto? Mwaka wa ukame alikuwa anabeba njaa ya tarafa nzima. Alipokufa ulikuja msibani, ukawapa pole wazazi wake, ukarudi ofisini kuandika hotuba. Mimi nilibaki kutafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyetaka. Na waliobaki, unajua walikuwa wanafanya nini? Wanafunga mafaili bila kuyasoma, mradi yafungwe. Mtu anayeumwa anaamua haraka, Mkurugenzi, haamui kwa haki. Tuliwalipa matapeli waliojikata vidole kwa makusudi, tukawasahau wazee wasio na maumivu makali. Nilikuandikia. Ulinijibu kwamba ni changamoto za mpito."

Tulinagwe alikumbuka kujibu hivyo. "Tungewaongezea mishahara. Tungegawa mzigo kwa watu wengi."

"Kwa fungu lipi? Wafadhili waliondoka mwaka wa tano, na posho ya mazingira magumu ikaondoka nao. Waziri aliyeipenda sheria yako alihamishwa. Aliyefuata hakujua hata inaitwaje. Nilibaki na makarani wanaokimbia, na sheria inayosema lazima mtu aumwe. Haikusema nani."

"Wale watu wanaficha maumivu ili wasifukuzwe kazi. Sheria yote imegeuka uongo."

"Imegeuka uongo unaotembea. Foleni bado ni fupi kuliko zamani. Alhamisi kamati inakusikiliza. Ukisema kuhusu ghala, utawapa wabunge kisingizio wanachokitafuta. Wataiua sheria, na kesho yake kila karani atarudi kwenye njoo kesho bila hata swichi ya kijani. Ukinyamaza, inapita. Halafu sisi wawili tutaliboresha lile ghala taratibu."

"Kila marekebisho ya nchi hii yalizikwa kwa neno hilo. Taratibu."

Mlowe alitikisa kichwa, bila hasira. "Yalikufa kwa sababu yalihitaji watu wawe wema kila siku. Watu wema wanachoka. Watu wenye shida hawachoki, hawana pa kwenda. Mimi nimejenga juu ya wale wasiochoka."

Tulinagwe aliacha chai yake bila kuigusa.

Siku mbili zilizobaki kabla ya Alhamisi hakufanya kazi yoyote ya maana. Alijipa sababu za kunyamaza na zote zilikuwa nzuri. Alijua nchi ilivyokuwa kabla ya bangili. Shangazi yake aliyemlea alikuwa ameshinda kwenye korido za mafao mpaka wasafishaji wakamzoea na kumpigia deki pembeni, na alipofariki hundi yake ilikuwa bado inatafutiwa saini. Watu wangapi wa namna hiyo wangerudi kwenye korido sheria ikifa? Maelfu kwa maelfu. Na ghalani walikuwa mia chache, wanaolipwa, wanaoomba wasifungiwe. Hesabu ilikuwa rahisi mno, na ndiyo iliyomtia hofu, kwani kila alipoimaliza alimwona Yustina akipapasa kitambaa. Alikuwa ametunga sheria ili asiwepo mtu serikalini wa kuyapigia hesabu maumivu ya mwingine akiwa amekaa salama. Na sasa alikuwa amekaa sebuleni kwake, salama, anapiga hesabu.

Alhamisi asubuhi alivaa suti yake ya kijivu akaenda kusema kweli, akijua anakwenda kuizika kazi ya maisha yake.

*

Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Lukresia Mgaya, alikuwa mama wa miraba minne mwenye miwani iliyofungwa kwa mkufu wa dhahabu. Alimsikiliza Tulinagwe bila kumkatiza. Wabunge wengine waliacha simu zao mmoja baada ya mwingine. Tulinagwe aliwaeleza yote: ghala, vitambaa, swichi za kijani, mtoto wa njaa, mguu uliogeuka mwepesi. Alipomaliza ukumbi ulikuwa kimya kabisa, na yeye aliutafsiri ukimya ule kuwa ni aibu.

"Mkurugenzi, tunakushukuru kwa uwazi wako," alisema Mwenyekiti. "Hebu nielewe vizuri. Unaiambia kamati kwamba maumivu ya mwananchi yanaweza kubebwa na mtu mwingine kabisa, asiye karani, na kazi ikaendelea?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, na huo ndio uovu wenyewe ninao..."

"Kwa muda gani imekuwa hivyo?"

"Miaka saba."

"Na foleni hazijarudi?"

"Zimeanza kurudi, Mheshimiwa, kwa sababu wabebaji wanaogopa..."

"Hilo la kuogopa ni suala la usimamizi," alisema mbunge mmoja mwenye sauti ya redio. "Wanaogopa kwa sababu ni vibarua. Wakiwa watumishi kamili, wenye mkataba na pensheni, hawataogopa."

Tulinagwe alimtazama Mlowe aliyekuwa ameketi nyuma yake. Mlowe alikuwa anatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa.

"Mbona tulikuwa tunaambiwa sheria hii haitekelezeki?" aliendelea Mwenyekiti, sasa akiwageukia wenzake. "Vyama vya wafanyakazi vimekuja hapa kulia kwamba makarani wanaumia. Kumbe hawaumii. Majimboni kwetu vijana wanatuuliza ajira ziko wapi. Na hapa tuna ajira isiyohitaji cheti." Alivua miwani. "Mkurugenzi, nikuulize kitu cha mwisho. Kidude hiki kinaweza kumfaa mbunge? Wapigakura wangu nao wana shida zao, na sisi tunapaswa kuonekana tunaguswa nazo. Ila nafasi ya kulala godoroni sina."

Watu walicheka, cheko la urafiki, kama wanaocheka mwisho wa siku ndefu.

"Waheshimiwa," alisema Tulinagwe, "mmesikia nilichosema? Wale ni watu. Wanaumwa magonjwa ya watu wasiowajua, na hakuna anayeitika. Sheria iliwekwa ili anayeamua ndiye aumwe."

"Tumekusikia, mama," Mwenyekiti alisema kwa upole wa kweli, "na tumeguswa sana."

Kura ilipigwa kabla ya chakula cha mchana. Hakuna hata mmoja aliyepinga. Sheria ya Mguso ilipitishwa kuwa ya kudumu, bila kikomo cha miaka, pamoja na kifungu kipya kilichoanzisha Kada ya Wabebaji katika utumishi wa umma, yenye madaraja, sare na likizo. Tulinagwe alikuwa amekuja na jeneza, wao wakalipokea kama kitanda cha harusi. Jioni hiyohiyo redio ilitangaza jina la Kamishna wa kwanza wa kada hiyo, na jina lilikuwa lake.

Aliandika barua ya kujiuzulu. Mlowe aliisoma akairudisha mezani.

"Mzabuni anaitaka nafasi hii," alisema. "Wewe ukiondoka, ni yeye. Angalau wewe utawapa mablanketi."

Barua ile Tulinagwe aliichana.

*

Na mablanketi aliwapa. Mwaka wa kwanza wa ukamishna alipigania mambo mengi na kushinda kadhaa. Magodoro yaliinuliwa juu ya vitanda. Palikuwa na uji wa asubuhi, na muuguzi. Alifuta kanuni ya kumfukuza anayewasha nyekundu. Lakini wabunge walipopata vidude vyao, na mawaziri, na wakuu wa wilaya, mzigo uliongezeka kuliko watu, taa nyekundu zikawaka mpaka makarani wakazoea kuzifunika kwa karatasi, na wabebaji wenyewe wakarudi kijani kwa sababu waliona haileti tofauti. Kila mwisho wa mwezi alijiambia kwamba bila yeye ingekuwa mbaya zaidi. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomfanya arudi kazini kila Jumatatu.

Siku moja, kabla ya chai ya saa nne, Yustina Mbilinyi aliingia ofisini kwake akiwa na sare ya buluu iliyompwaya. Alikuwa Mbebaji Daraja la Kwanza sasa. Mkononi alivaa bangili, kwa sababu alikuja kama mwananchi mwenye ombi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Yustina. Kaa."

Alikaa polepole, kama anayeogopa kukivunja kiti. "Naomba kupumzika. Si kuacha, mama. Kupumzika kidogo tu. Nimeanza kusahau yangu ni yapi. Jana nimeungua mkono jikoni, nikadhani ni wa mtu, nikauacha kwenye moto."

Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kiganja. Bila kukusudia, Tulinagwe alijigusa nyuma ya sikio, kwenye kidude alichopandikizwa alipokuwa Kamishna. Bangili ya Yustina ilikuwa inawaka. Mwenye kuamua ombi lile alikuwa yeye, na hakuwa anahisi chochote, hata mwasho.

"Yustina. Yangu mimi, maumivu ya wanaokuja ofisini kwangu, nani anayabeba?"

Yustina alitabasamu kidogo, kwa haya. "Mimi, mama. Niliomba mwenyewe walipogawa wakubwa. Nilisema yule mama ana huruma, kwake sitaumia sana."

Kwa hiyo kila kilichomuuma Yustina pale kitini kilipanda kwenye bangili, kikapita mtamboni, kikarudi kwa Yustina mara ya pili. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anangoja jibu, anaumwa mara mbili.

Tulinagwe alivuta kibodi. Kuidhinisha likizo ilikuwa ni kubonyeza mara moja, lakini kanuni, aliyoiandika mwenyewe ili wakubwa wasiwaondoe wabebaji ovyo, ilisema kwamba ghala likiwa limejaa, mzigo wa anayepumzika unabebwa na aliyetoa idhini mpaka apatikane mtu wa kumrithi. Ghala lilikuwa limejaa. Mtu wa kumrithi angepatikana usaili utakapoisha, mwezi ujao, au ule mwingine.

"Unabeba wangapi siku hizi?"

"Siwahesabu tena, mama."

Tulinagwe alibonyeza.

Kwanza aliona Yustina akifumba macho, kichwa kikaangukia begani, na pumzi yake ikawa ndefu kama ya mtoto. Halafu ikaja. Haikuja kama maumivu, ilikuja kama watu wamemwingia mwilini na kila mmoja anafunga mlango kwa ndani. Jino. Nyonga. Mgongo wa mtu uliovunjika ukaungwa vibaya. Mwanamke mahali fulani alikuwa kwenye uchungu wa kuzaa na mtoto amekaa vibaya. Njaa, njaa nyingi ndogondogo, na mkono ulioungua. Alijaribu kuwatenganisha kama daktari. Alishindwa. Alijaribu kulia, akagundua kwamba kulia kunahitaji nafasi mwilini naye hakuwa nayo. Alishika ukingo wa meza akamtazama Yustina aliyelala. Akajiambia atavumilia siku moja. Akajiambia atavumilia mpaka mchana. Akajiambia atavumilia mpaka mhudumu alete chai.

Mlango uligongwa, chai ikaletwa, mhudumu akatoka. Mvuke ulikuwa bado unapanda kikombeni.

Baadaye alijieleza kwamba asingeweza kuongoza kada nzima akiwa katika hali ile, na kwamba watu wengine wote walimtegemea. Lakini wakati ule hakufikiri hivyo. Wakati ule hakufikiri kabisa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kibodi na kubonyeza neno TENGUA, na akaendelea kulibonyeza hata baada ya mtambo kumjibu kwamba idhini imetenguliwa.

Chumba kikawa kimya. Mwili wake ukarudi kuwa wake, safi, mwepesi, na ule wepesi ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote alichowahi kupewa.

Yustina aliamka kwa kujipinda. Alitafuta mfukoni mwa sare yake, akatoa kitambaa, kisha akakumbuka yuko wapi na kukishika tu mkononi. Alitazama kibodi. Alimtazama Tulinagwe usoni, akaona machozi na jasho, na akaelewa yote, maana kazi yake ilikuwa kuelewa.

Alisimama kwa kushikilia kiti.

"Samahani, mama," alisema. "Nimelala ofisini kwako."